Mtoto akifeli mara ya kwanza, usifunge mlango

Mzazi mwenzangu, matokeo yakitoka na mtoto hakufanya vizuri, nyumba hujaa maneno. "Ada yote ile!" "Mbona mtoto wa jirani kapata?" Kabla hujayasema, sikia habari za rapa mmoja ambaye huenda kijana wako anamsikiliza kwenye simu.

Anaitwa GZA, jina lake halisi Gary Grice, wa New York, Marekani. Mwaka 1991 alitoa albamu yake ya kwanza, Words from the Genius, chini ya kampuni ya Cold Chillin'. Haikuuza, na yeye na kampuni wakaachana. Mwaka huohuo binamu yake, RZA, naye alitoa kazi kwenye kampuni nyingine, haikufika popote. Ndugu wawili, wote wamekwama.

Walichofanya ni kurudi kwa watu wao. Pamoja na binamu mwingine, Ol' Dirty Bastard, na marafiki wa mtaani, wakawa kundi la watu tisa, Wu-Tang Clan, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993. Baada ya hapo GZA alijaribu tena peke yake. Albamu yake ya pili, Liquid Swords, ilitoka Novemba 7, 1995, akiwa na miaka 29. Midundo yake karibu yote ilitengenezwa na yuleyule binamu, RZA. Iliingia kumi bora Marekani, na hadi leo wapenzi wa hip hop huitaja miongoni mwa albamu bora kabisa za muziki huo.

Kati ya 1991 na 1995 mtu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alifanya kazi na watu waliomjua na kumwamini, akarap kwa namna yake mwenyewe: taratibu, kwa maneno machache yaliyopimwa, kama mchezaji wa chesi anayefikiri kabla ya kusogeza kete. Jalada la albamu lenyewe lina ubao wa chesi.

Sisemi umwekee mtoto wa darasa la nne. Ndani mna matusi, bunduki na dawa za kulevya, ndiyo maana hubandikwa onyo kwa wazazi. Programu nyingi za muziki kwenye simu zina sehemu ya kuzuia nyimbo za aina hiyo, itafute. Ila kama kijana wako ni mkubwa na tayari anausikiliza, kaa naye, msikilize wimbo mmoja, kisha muulize anasikia nini.

Kuna jambo litakugusa. Albamu inaanza kwa sauti ya mtoto, iliyochukuliwa kwenye filamu ya Shogun Assassin ya mwaka 1980. Mtoto anamsimulia baba yake, mpiganaji aliyeogopwa, na usiku ambao mambo ya nyumbani kwao yaliharibika. Alikuwa mdogo, lakini aliona yote. Na wako anaona unavyompokea siku aliyoanguka.

Basi ufanye nini? Kwanza, acha siku mbili tatu zipite kabla ya kujadili matokeo. Hasira ya siku ya kwanza haina ushauri. Pili, muulize kama njia aliyokuwa akiifuata aliichagua yeye au aliifuata kwa sababu wewe ulitaka. Tatu, mtafutie mtu wa kumshika mkono: mjomba, shangazi, dada yake mkubwa, mwalimu anayemwelewa. Nne, mpe nafasi ya pili yenye mpango na muda, siyo ahadi ya mdomoni.

GZA mwenyewe hakumaliza sekondari. Lakini miaka mingi baadaye alishirikiana na Christopher Emdin, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kuanzisha mradi wa Science Genius katika shule za umma za New York, ambako wanafunzi hujifunza sayansi kwa kutunga mashairi ya kurap. Aliyetoka darasani mapema alirudi kwa mlango mwingine.

Jioni hii, kabla ya kumuuliza mwanao kwa nini alifeli, muulize angependa kujaribu nini sasa. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.