Mchoro Wangu Si Ripoti Yako

Ndugu zangu wa Nakivale na Kyangwali, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida letu, leo nataka tugombane kidogo. Mnivumilie.

Mimi nafundisha Kiingereza jioni hapa Kalerwe, chumba kimoja nyuma ya soko. Wanafunzi wangu wengi ni mama zetu wa Kongo wanaoshinda juani wakitembeza bitenge. Mwaka jana tuliletewa tableti kumi na mbili. Kila baada ya somo ilibidi ujibu: Umejifunza nini? Umejisikiaje? Utabadilisha nini? Ati hiyo ndiyo tafakari. Ijumaa majibu yatumwe, na MB tujinunulie wenyewe, pamoja na ile kodi ya asilimia 12 tunayokatwa tangu Julai 2021.

Mama mmoja aliandika wiki sita mfululizo: “Nimejifunza vizuri. Nimefurahi.” Kila mara alama ya kijani ikawaka. Mashine iliridhika. Mimi hapana, maana nilijua sokoni bado anapunjwa.

Jioni moja umeme ukakatika. Nikagawa karatasi, nikasema: chora pale Kiingereza kilipokukwamia leo. Mama yule akachora mlango wa duka, mteja ndani, yeye nje, mdomo wake ameufunga kwa mstari. Pembeni akaandika 35,000, akaifuta, akaandika 25,000. Kumbe bei anaijua! Anachoshindwa ni kukataa kwa adabu. Kesho yake somo likawa kukataa. Wiki iliyofuata akachora mlango uleule, mdomo uko wazi.

Hiyo ndiyo tafakari: kuona ulipokwama, kujaribu tena, kisha kulinganisha ya jana na ya leo. Wala si jambo jipya. Mwaka 1963, mjini Angicos kule Brazili, Paulo Freire aliwapa watu wazima picha za maisha yao wenyewe wazijadili ndipo wafundishwe kusoma. Mwaka uliofuata wanajeshi wakapindua serikali, wakamfunga, akaishia uhamishoni kama sisi.

Mtasema mwalimu huyu anachukia teknolojia. Sivyo. Shule za Uganda zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, niliona watoto wasio na simu walivyoachwa nyuma. Na mfereji wa Nsooba ukifurika, madaftari yetu yanaelea. Ndiyo maana sasa kila mwenye simu anapiga picha mchoro wake, anarekodi sauti ya dakika moja akiueleza, anaviweka. Asiye na simu anaazima ya jirani. Mwisho wa mwezi tunapanga michoro sakafuni, kila mtu anasikiliza sauti yake ya zamani. Wanacheka, wengine wanalia. Simu inatunza, lakini anayefikiri ni mtu.

Sasa linaloniuma zaidi. Afisa mmoja wa mradi alikuja, akaupiga picha mchoro wa yule mama, ati ni ushahidi mzuri kwa wafadhili. Hakumuuliza mwenyewe. Mchoro ule ulionyesha duka na mtaa anaouzia bila leseni. Kwa mtu anayewakwepa askari wa jiji, kuna wengine hata wanamkwepa mtu waliyemkimbia nyumbani, hiyo si picha ya mafanikio. Ni ramani ya kumpata. Wiki mbili mama hakuja darasani. Aliporudi, alichora maua tu.

Maua! Mnaona hasara hiyo? Mtu akijua anatazamwa, anachora kitu cha kupendeza, na mwalimu anabaki gizani.

Kwa hiyo nasema wazi. Kwanza karatasi na muda wa kuwaza, tableti baadaye. Mkitaka majibu kwa intaneti, lipeni MB. Na mchoro ni mali ya aliyeuchora: akikataa kuutoa, asiulizwe sababu. Mkitaka kujua kama darasa linafaa, njooni mkae nasi jioni nzima, au muulizeni mama kitenge bei gani, halafu jaribuni kumpunja.