Pigeni vigingi mikorosho ikiwa bado imesimama

Tulipomzika jirani yetu, jeneza halikupita kwenye kona ya kichochoro. Vijana walilisimamisha wima, mjane akitazama, wakalipenyeza kama kabati. Gari lilikuwa likitusubiri mbali, barabara kuu. Mtaa ule ulikuwa shamba la mikorosho, naukumbuka. Hapakuwa na nyumba hata moja ya kuvunja. Kamba, vigingi na siku chache za mpima ardhi zingetosha kutenga barabara.

Leo kosa lile lile linarudiwa kando ya Barabara ya Morogoro, na kusini mwa Dar es Salaam pia, kuelekea Mkuranga. Dalali anapima kwa miguu, ishirini kwa ishirini. Mashahidi wanasaini, mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri, na upenyo unaobaki kati ya kiwanja na kiwanja ndio unaoitwa njia. Msiniambie watu wanavamia! Wananunua kwa fedha zao, mchana kweupe, mbele ya serikali yao.

Sheria tunazo. Ile ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inafika hadi kijijini. Lakini ramani za vijiji nilizoziona zinatenga mashamba, malisho na msitu, kisha makazi yanapakwa rangi moja tu, bila mtaa, bila mfereji, bila makaburi. Kana kwamba kijiji kitabaki kijiji milele, wakati sensa ya 2022 imetuonyesha zaidi ya theluthi ya Watanzania wako mijini!

Halafu tunangoja miaka ishirini tulete urasimishaji wa makazi, mama auguze ukuta uliokatwa ili bodaboda ipite. Huko ni kuwatesa watu kwa uzembe wetu. Mwaka 2002 Dar es Salaam ilianza mradi wa viwanja 20,000, ikapima kwanza na kuuza baadaye. Fidia ililalamikiwa, na kwa haki, ila barabara zilizotengwa zipo.

Safari hii mkulima asihamishwe. Atoe kipande cha barabara, abaki na viwanja vilivyopimwa, aviuze mwenyewe akitaka, badala ya kumwachia dalali ekari nzima kwa bei ya mihogo. Na halmashauri za wilaya zipeleke wapima vijijini msimu huu wa kiangazi, kabla muhuri mwingine haujagongwa.