Gari la Shemeji

Sisi watu wa Bijombo tulioteremka kukaa Uvira hatulihesabu gari kuwa fahari. Kwetu ni mfano wa ghala. Viazi na maharagwe hushuka mlimani juu ya migongo ya watu, na huku ufukweni hungojewa na magurudumu. Shemeji yangu alikuwa nalo gari la namna hiyo, kamioneti ya zamani sana. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuangamiza watu na nyumba mjini Uvira, gari lile lilijaa tope hata kwenye viti. Fundi aliifufua injini, likarudi kazini; lakini bati lake lilizidi kuliwa na kutu mwaka hata mwaka. Mwishowe shemeji aliazimu kulipaka rangi yeye mwenyewe, uani kwake, ili fedha ya fundi iwe karo ya watoto.

Nia yake ilikuwa njema, nami sikumkataza. Lakini haraka ilimshinda. Alipangusa vumbi, akapitisha msasa juu juu, akapaka. Gari likang'aa kama sahani mpya, na majirani wakaja kulitazama. Haikupita miezi mitatu, malengelenge yakatokea chini ya milango, na ukiyabonyeza yalimwaga unga mwekundu.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Tope la mafuriko lilikuwa limeziba vile vitundu vya chini ya milango vilivyowekwa ili maji yatoke, hivyo bati lilikuwa likilowa kutoka ndani. Tena chuma kikigeuka kuwa kutu huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na kwa kuvimba huinua rangi iliyo juu yake. Basi hapana budi kuzibua vitundu, kuosha na kukausha, kisha kusugua mpaka chuma kionekane cheupe: msasa namba 80 kwanza, halafu 180 ili kuondoa mikwaruzo ya ule wa kwanza. Mashimo huzibwa kwa mastiki, husuguliwa kwa namba 320, hupakwa rangi ya msingi, na hii nayo husuguliwa polepole kwa msasa wa maji namba 400 au 600. Kazi hii huchukua siku nyingi, na hakuna jirani ajaye kuitazama.

Wenye subira ya namna hii wamepata kuonekana katika ziwa letu hili hili. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Götzen ilizamishwa na mafundi wake wenyewe tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, isije ikatekwa. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliona kwamba mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Turudi uani. Shemeji alianza upya, na safari hii alisugua kweli kweli, kwa msasa mkavu, tangu asubuhi hata jioni. Vumbi la manjano likatua juu ya mihogo iliyoanikwa, juu ya mtungi wa maji, juu ya mkeka alipotambaa mtoto wa miezi kumi. Hapo ndipo nilipomkataza. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zilichanganywa na risasi, na risasi huharibu akili ya mtoto pasipo dalili ya kuonekana mapema. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Rangi ya zamani isuguliwe kwa maji, vumbi lipate kuwa tope. Tope likusanywe ndani ya karai, wala lisimwagwe mferejini ambao maji yake huishia ziwani. Chuma kilicholowa kikaushwe mara moja na kupakwa rangi ya msingi siku ile ile, ama sivyo kutu itarudi kesho yake.

Ikafika siku ya kupuliza. Aliazima mtambo wa hewa pamoja na bomba la kupulizia, ambalo mafundi wetu huliita pistole. Kwa kuogopa vumbi la njiani aliliingiza gari katika banda, akafunga mlango, akajifunga kitambaa puani. Rangi yake ilikuwa ile ya makopo mawili, inayotiwa dawa ya kuigumisha. Dawa hiyo ina isosianati, sumu iwezayo kudhuru bila hata kunusika. Kitambaa hakiizuii, wala kinyago cha vumbi. Wapulizaji wa viwandani hupumua hewa safi iletwayo kwa mpira kutoka nje. Usiku ule kifua cha shemeji kilibana, akawa anahema ameketi, na mkewe akakimbia kutafuta wa kumpeleka hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kifua kilichokwisha kuizoea sumu hii vibaya huweza kubana tena kwa kunusa kidogo tu, na daktari amemkataza kuikaribia maisha yake yote.

Nami nasema wazi: rangi ya makopo mawili haina nafasi nyumbani. Baba asugue mwenyewe, kwa kuwa kusugua ndiko kulako saa nyingi na fedha nyingi, kisha apeleke gari kwa fundi mwenye vifaa kamili. Asiyeweza apake rangi ya kopo moja kwa brashi, mahali pa wazi, asubuhi ya kiangazi, mbabula ya makaa ikiwa mbali, kwani mvuke wa rangi hushika moto upesi. Alama za brashi zitaonekana. Viazi havizioni.

Mlango wa nyuma wa gari lile ungali na rangi yake ya kale. Shemeji asema atausugua kiangazi kijacho, kwa maji, watoto wakiwa kwa nyanya yao.