Hamu Hupanda, Nidhamu Hupogoa

Watu wengi hudhani kwamba mtu huacha shabaha yake njiani kwa sababu hamu yake ilikuwa ndogo. Mashamba ya kahawa yanaonyesha vingine.

Mwezi wa Julai 1975 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, iliunguza mikahawa ya Brazil, hasa katika jimbo la Paraná. Nchi hiyo ndiyo itoayo kahawa nyingi kupita zote duniani, kwa hiyo bei ilipanda upesi, na mwaka wa 1977 ilikuwa juu mno. Huku Kenya wenye mikahawa walipata fedha nyingi. Jirani asiyekuwa na hata mti mmoja alipoona hayo, hamu ilimwaka. Wala si ajabu. Lakini mkahawa hausikii habari za bei. Mche huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya maana, na bei ilianza kushuka kabla mwaka wa 1977 wenyewe haujaisha. Aliyepanda kwa ajili ya bei ile tu, miti yake ilianza kuzaa hali sababu ya kuipanda imekwisha toweka.

Tangu hapo kazi iliyobaki ni ile isiyotamanisha. Maua ya mkahawa hayachanui yote kwa siku moja, na kwa hiyo tawi moja huwa na matunda mabichi na mekundu pamoja. Mchumaji hana budi kuchagua yaliyoiva, kisha arudi kwenye mti ule ule baada ya siku kumi au wiki mbili, na arudi tena. Aliyochuma yafike kiwandani siku hiyo hiyo, kwani yakilala huanza kuchachuka. Mvivu hukamua tawi lote kwa mkono mmoja, halafu hukasirika karani wa kiwanda akimwambia akae chini ayachambue! Yule mwingine huyaacha mpaka yakaukie mtini, akauza mbuni kwa bei ya chini.

Kupogoa ni kugumu zaidi. Mavuno yamekwisha, mwili umechoka, malipo ya ushirika bado hayajafika, na mtu amesimama na msumeno mbele ya tawi lililomzalia vizuri. Faida ya kulikata ataiona msimu mwingine. Ni nani aamkaye asubuhi na hamu ya kazi kama hiyo?

Tena mwezi wa Julai 1989 mapatano ya nchi zilizokuwa zikigawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Wako walioketi wakapiga hesabu, wakageukia ng'ombe wa maziwa au mboga. Hao wasilaumiwe; kubadili shabaha baada ya kufikiri si kukosa nidhamu. Wa kusikitikiwa ni yule ambaye hakuitunza mikahawa wala hakuamua kuiacha. Miti ilikaa maguguni ikila ardhi, ikawapelekea majirani maradhi, na karo ya watoto haikutoka katika kahawa wala katika kitu kingine.

Karani naye ana kahawa yake. Mwezi wa Januari hununua vitabu vya kujifunzia mtihani wa uhasibu; ifikapo Machi vina vumbi. Hata hivyo karani huyo huyo aweza kuwa ameweka akiba miaka kumi bila kukosa mwezi, kwa kuwa alitia sahihi mara moja tu katika chama cha akiba na mikopo, na fedha hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Siku ya kutia sahihi alikuwa na hamu. Miezi iliyofuata hamu haikuulizwa.

Wakulima wengine huyajua hayo bila kufundishwa. Nyumba nne au tano hupatana kuchumiana kwa zamu: Jumatatu kwa huyu, Jumanne kwa yule. Mwenye zamu huenda akaamka na uvivu wake, mvua inanyunya na blanketi ni tamu, lakini nje watu wamekwisha fika na vikapu vyao, nao wanauliza waanzie mstari gani.