Moyo Unapokwenda Mbio



Wakati wa hesabu za mwisho wa mwaka, niliamka saa nane ya usiku moyo ukinidunda kama ngoma, nikadhani siku zangu zimetimia. Asubuhi tabibu alinishika mkono, akatazama saa yake, akahesabu mapigo 88 kwa dakika. Akasema kuwa mtu mzima aliyetulia hupata baina ya 60 na 100. Kisha akaniuliza habari za chai. Niliona haya kumjibu: vikombe vinane vya chai nzito kila siku, na sigara juu yake!

Kafeini iliyomo katika chai na kahawa huuhimiza moyo, na tumbako na miraa vivyo hivyo. Wasiwasi nao huutia mbio, na mbio hizo huzidisha wasiwasi. Nilipunguza vikombe kidogo kidogo, maana kuacha ghafula huleta maumivu ya kichwa. Usiku hupumua polepole, nikikawia katika kutoa pumzi.

Lakini mapigo hayo yakifuatana na kuzimia, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, msingoje kesho, nendeni hospitali. Upungufu wa damu nao huleta jambo hili, wala hauponi kwa kuacha chai.

Mke wangu hunicheka bado, akiniona na kikombe cha uji saa kumi.