Kemia Iliyokaririwa Haiokoi Mtu

Mwaka jana umeme ulikatika usiku katika hosteli tunayokaa, na mvua ilikuwa kubwa. Rafiki yangu mmoja aliwasha jenereta ndogo ya petroli. Kwa kuogopa mvua na wezi, aliiweka kwenye korido na kufunga mlango wa nje. Haikupita muda mrefu, wenzetu wawili wakaanza kuumwa kichwa na kutapika, miguu haiwabebi. Jirani alifungua mlango, tukawaburura nje. Walipona. Rafiki yangu huyo alikuwa na alama za juu za kemia alipomaliza sekondari. Nilimuuliza kama hakuwahi kusoma mwako usio kamili. Akanijibu, "Nilisoma, ndugu yangu. Lakini ile ilikuwa ya mtihani."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani vitu vilivyoundwa kwa kaboni na haidrojeni tu. Ikiungua penye hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksidi na maji. Hewa ikipungua, hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata nafasi ya oksijeni katika damu. Rafiki yangu angeweza kuuandika mlinganyo huo kwa Kiingereza akiwa amefumba macho. Hakuwahi kuombwa hata siku moja amweleze mtu kwa maneno ya kawaida. Ndiyo maana mlinganyo ulibaki kwenye daftari na jenereta ikabaki kwenye korido.

Wapo watakaosema: Kiswahili hakina maneno ya kemia. Huo ni uvivu uliovaa joho la usomi. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla sijazaliwa. Na hayo maneno tunayoyaita ya Kiingereza, ni ya Kiingereza kweli? "Penta" na "heksa" ni Kigiriki. Utaratibu wa kuyapa majina haya ulianza kupangwa na wanakemia wa mataifa mbalimbali huko Geneva mwaka 1892. Mwingereza naye aliazima. Sisi tuna faida moja zaidi: lugha yetu imezoea silabi ndogo kubeba maana kubwa. Anayejua tofauti ya "funga" na "fungua" hawezi kushindwa na ethani, etheni na ethini.

Tuzijaribu hizo mbili za kwanza. Alkani ni kama teksi iliyojaa: kila kaboni imeshika mikono yake yote minne, kila mkono na mwenzake. Klorini ikija, tena kwa msaada wa mwanga wa jua, haipati kiti mpaka haidrojeni moja ishuke. Huo ni mmenyuko wa kubadilishana. Alkeni ni tofauti. Humo kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Bromini ikifika, kaboni hizo huachana mkono mmoja, kila moja ikampokea mgeni, na hakuna anayeshuka. Huo ni mmenyuko wa kuongeza, na ndio sababu maji ya bromini hupoteza rangi yake. Nimetumia neno gani hapo ambalo kondakta hangelielewa?

Etheni yenyewe bibi yangu anaifahamu kwa kazi yake. Anapotaka kuivisha ndizi za pombe, huzifukia shimoni pamoja na majani. Ndizi hutoa gesi hiyo zinapoiva, na ikifungiwa humo huziivisha nyingine. Mjukuu wake alikariri fomula ya etheni miaka miwili bila kuambiwa kwamba iko katika shimo la nyumbani.

Wengine watasema Uganda si nchi ya Waswahili. Lakini Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Na mafuta ghafi ya Ziwa Albert yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo linapaswa kupashwa joto, yabaki takriban nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yetu yana nta nyingi, na nta ni alkani zenye minyororo mirefu. Methani yenye kaboni moja ni gesi. Zenye kaboni nane hivi ni kimiminika. Zenye ishirini na kuendelea huganda katika joto la kawaida. Mkulima ambaye shamba lake limepitiwa na bomba ana haki ya kuelezwa hilo, na fundi wa Hoima atazungumza na fundi wa Tanga kwa lugha gani?

Sisemi mtihani wa Kiingereza ufutwe kesho. Nasema mwanafunzi asihesabiwe kuwa anajua mpaka aweze kueleza kwa lugha anayotumia jikoni na barabarani, iwe Kiswahili, Kiganda au Kinyoro. Wahadhiri wa kemia, ongezeni swali moja la namna hiyo.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa Kiswahili. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya methali na majina ya watu, kisha tunalalamika kwamba lugha yetu inadharauliwa. Nani kati yetu ameandika ukurasa mmoja wa kubandikwa kwenye duka la jenereta? Mimi nimeandika mmoja baada ya usiku ule. Unasema: "Usiwashe ndani. Moshi wake una sumu usiyoiona wala kuinusa." Umebandikwa kwenye mlango wa korido yetu, na hakuna aliyeniuliza maana yake.