Malenga, Acheni Kuusifu Ufagio

Malenga wetu wamepata maudhui mepesi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu hushuka mitaroni na kwenye vijito kuzoa taka, na haziishi beti za kuwatukuza: vina vimekaa, mizani imetimia, mzalendo kapambwa. Nami nasema sifa hizo, japo nia yake ni njema, zinawadhulumu wale wale wanaosifiwa.

Tuutazame mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, katika Mkoa wa Songwe. Ni mlango wa biashara: barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo, reli ya TAZARA kadhalika, na tangu 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha na wenzetu wa Nakonde. Malori hupanga foleni. Madereva na matingo hula, hunywa, hulala. Mzigo upitao huandikwa, hupimwa, hukaguliwa. Chupa tupu ibakiayo nyuma haina karani, mpaka mvua iisukume mtaroni. Ndipo mama mwenye ufagio na kijana asiye na glavu huitwa mashujaa.

Na taka za mitaroni huishia wapi? Maji ya mkoa huo yana njia mbili. Mto Momba huteremkia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kulitoka: maji yake huondoka kwa mvuke, na plastiki haigeuki mvuke. Mto Songwe wa upande wa Ileje, unaotutenga na Malawi (yuko Songwe mwingine, aendaye Rukwa, majina yasitupoteze), humimina Ziwa Nyasa, maji ya Nyasa hutoka kwa Mto Shire, nao huingia Zambezi, na Zambezi humwagika Bahari ya Hindi. Ndiyo bahari hii tuiimbayo sisi wa visiwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezitwisha serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Haikusema wajibu huo ni wa wenye moyo. Msaragambo ni mila njema jirani anapomsaidia jirani. Ukigeuzwa kuwa ndiyo idara ya usafi ya mji wa mpakani, huo ni utumishi usio na ujira.

Nitajibiwa kwamba bila ya hao wanaojitolea mitaro ingeziba. Ni kweli, na hapo ndipo palipo na uchungu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa asifiwaye ni mgema mmoja, na atiaye maji ni mwingine, aliyekaa ofisini akipiga makofi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hayo yalimwendea mtengenezaji, mwingizaji na muuzaji, hayakumngoja mwokotaji. Lakini yaligusa mifuko ya kubebea tu. Chupa iliachwa iende zake.

Basi atakaye kuitungia Tunduma shairi, na aulize ndani yake gari la taka hupita siku gani, dampo li umbali gani na mto, na aliyeitengeneza chupa ile amelipa nini ili irudi kwake. Kisha akalighani mbele ya baraza la madiwani.